Mashine Iliyokombolewa kwa Jogoo

Mwaka 2021, mwishoni mwa kiangazi, korosho zikiwa zimeanza kudondoka mashambani kule Naliendele, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na nilikuwa mke wa fundi majokofu. Jumamosi ya tarehe 2 Oktoba mwaka huo, mume wangu alirudi nyumbani kwetu Rahaleo akitangulia mkokoteni uliosukumwa na wanaume wanne. Juu yake kulikuwa na kitu kikubwa, kimefunikwa turubai na kufungwa kamba. Hakikupita mlangoni. Mume wangu aliung'oa mlango kwenye bawaba zake, akawaonya wale wanaume wasikilaze kitu hicho hata kidogo, kwa kuwa maisha yake yote hakuvumilia kuona jokofu likilazwa, na baada ya kuhema na kulaumiana sana walikisimamisha sebuleni, kati ya kabati la vyombo na dirisha.

Turubai ilipoondolewa niliona mashine ya kuuzia soda. Unatia sarafu, unabonyeza kitufe, chupa inadondoka chini, unainama kuichukua. Ilitoka ng'ambo ya Ruvuma, katika kambi ya wafanyakazi iliyokuwa imefungwa, na mfanyabiashara aliyeivusha alishindwa kuifanya ipoze hata maji, akaiuza kwa bei ya chuma chakavu. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kireno. Mume wangu alikijua Kireno kidogo, kwa kuwa mama yake alivuka mto akiwa amembeba mgongoni, na lugha ile ilibaki nyumbani kwao kama sufuria ya zamani isiyotupwa.

Alinisomea kila neno, akaniambia maana yake, kisha akanipa kalamu ya wino mzito.

"Andika wewe kwa Kiswahili," alisema. "Mwandiko wangu ni wa kuandika madeni. Wako unasomeka."

Sina budi kueleza kwa nini maneno hayo yalikuwa makubwa kwangu. Sikusoma utotoni. Nilikaa darasani kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na minane, katika darasa la elimu ya watu wazima, na mwalimu wetu, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, hakuruhusu mtu aandike lolote kabla ya kuandika tarehe kwenye pembe ya juu. Nilikuwa nimeishi miaka mingi bila kujua hata siku niliyozaliwa. Nilipojua kuandika tarehe, nilihisi kwamba siku imekuwa mali yangu, na tangu hapo sijaiacha hata moja ipite bila kuitaja. Namshukuru mwalimu yule kila asubuhi. Mume wangu ndiye aliyenilipia nauli ya kwenda darasani, na wenzake walipomcheka kwamba anasomesha bibi mzima, aliwajibu kwamba bibi huyo anapika vizuri zaidi akiwa amesoma.

Niliandika vibandiko viwili: TIA SARAFU HAPA, na BONYEZA, KISHA SUBIRI. Alivibandika kwa gundi, akarudi nyuma, akaviangalia akiwa ameinamisha kichwa upande, kama alivyozoea kusikiliza majokofu.

"Hii itakuwa yako," alisema. "Mimi nitaiponya tu. Ukiwa na mashine hii, hata nikizeeka hutaomba chumvi kwa mtu."

Hakuwapo mtu mwingine. Tulikuwa wawili tu, maana Mungu hakutujalia mtoto. Hilo nalisema sasa kwa sababu baadaye lilikuja kuwa na uzito.

Alimaliza kuitengeneza mwezi huohuo, na ikapoza. Alhamisi ya tarehe 4 Novemba alikwenda kazini mzima, akarudishwa akiwa ameshika kifua, na kabla ya magharibi alikuwa amefariki. Sitaandika zaidi ya hapo juu ya siku hiyo.

Nilikaa eda. Wanaojua sheria yetu wanajua kwamba mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, kwa hesabu ya mwezi mwandamo, bila mapambo wala kutoka pasipo haja. Wanawake waliokuja kukaa nami waliitazama mashine ile sebuleni wakaona haya kukaa mbele yake na vioo na taa zake. Waliifunika kwa shuka jeupe kutoka juu hadi chini. Nami nilikuwa katika nguo nyeupe. Basi tukawa tumekaa wawili, mimi kwenye mkeka na yeye ukutani, tumefanana.

Aliyelisema hilo kwa sauti ni mtani. Ukoo wa mume wangu una watani wao tangu walipoishi kandokando ya mto, na kiongozi wa watani hao hapa mjini ni mwanamke mmoja mnene, muuza maandazi wa Mtawanya, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Watani katika misiba yetu wana kazi yao: huchekesha waliofiwa, humwigiza marehemu, na hata hukamata kitu chake na kudai kikombolewe. Hakuna anayewakasirikia, maana kumkasirikia mtani ni aibu kwa ukoo mzima.

"Pole mtani wangu," aliniambia alipoingia siku ya kwanza. "Kumbe marehemu alikuwa na wake wawili. Na mwenzio huyu ni mrefu, mweupe, tena kimya. Mbona hukutuambia?"

Nilicheka nikiwa na machozi. Nakumbuka kwamba nilicheka, na ninamshukuru kwa hilo.

Arobaini tuliisoma Jumapili ya tarehe 12 Desemba, siku moja kabla ya kutimia, ili watu wa makazini waweze kuhudhuria. Baada ya dua na chakula, watani waliingia uani. Yule mwanamke alikuwa amevaa ovaroli ya mume wangu, aliyoiazima kwenye kamba ya nguo bila kuuliza mtu, na mkononi alishika spana. Alilisogelea jokofu la jirani lililotolewa nje kwa ajili ya shughuli, akaliinamia, akaweka sikio, akainamisha kichwa upande, upande uleule.

"Gesi imeisha, mama," alisema kwa sauti ya mume wangu. "Gesi imeisha. Si nilikuambia usifungue fungue?"

Watu wazima walishika mbavu. Hata shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye alikuwa hajacheka tangu mazishi, alijifuta macho kwa mkono wa kanzu.

Kisha watani waliingia sebuleni na kamba nene ya makumbi. Waliizungushia mashine, pamoja na shuka lake, wakafunga fundo, na yule mwanamke akaketi chini mbele yake akiwa amenyoosha miguu.

"Huyu mke mdogo tunaondoka naye," alitangaza. "Anayemtaka amkomboe. Tunataka jogoo anayewika, na sinia la ubwabwa. Hatutaki pesa. Pesa za fundi tunazijua, zina grisi."

Hapo ndipo palipo kiini cha habari yangu yote, kwa hiyo nitaeleza kwa utaratibu. Kwa mila, wanaoitwa kwanza kukomboa ni ndugu wa damu wa marehemu. Mtani aliwaita. Aliita upande wa mama yake marehemu, hakuna aliyejitokeza. Akamwita shemeji yangu kwa jina la utani, mara tatu, hadi akaja kusimama mlangoni mwa sebule.

"Bwana mdogo, mali ya kaka yako inaondoka. Unaikomboa, huikomboi?"

Shemeji aliitazama mashine iliyofunikwa, akaitazama kamba, akacheka.

"Chuma kibovu hicho, mtani. Nitatoa kuku kwa chuma? Shemeji akikitaka, akikomboe mwenyewe."

Watu walicheka. Sikucheka. Nilikuwa nyuma ya pazia la chumba, na kwa kuwa nilikuwa katika eda sikutaka kutoka mbele ya wanaume. Nilipaza tu sauti yangu.

"Mimi naikomboa," nilisema.

Tulikuwa na jogoo mmoja, mwekundu, ambaye mume wangu alimpenda kwa sababu aliwika kabla ya adhana na hivyo alimwamsha mapema. Nilimtuma dada mmoja amshike. Jogoo alipiga kelele uani kote, akampanda mtu kichwani, na mwisho akakabidhiwa kwa mtani akiwa amefungwa miguu. Sinia la ubwabwa lilifuata. Mtani alifungua fundo, akaikunja kamba, akasema mbele ya wote: "Mke mdogo amekombolewa na mke mkubwa. Tumemaliza." Kila mtu akarudi kwenye chai yake.

Nilitoka eda Jumamosi ya tarehe 12 Machi 2022. Ramadhani ilikuwa imekaribia, nami sikuona busara kuanza kuuza soda mwezi wa mfungo, nikangoja. Jumatatu ya tarehe 9 Mei, baada ya Idi, mashine ilitolewa nyumbani, ikiwa imesimama wima njia nzima kama marehemu alivyotaka, ikawekwa kwenye kibaraza cha duka la dawa lililo mkabala na kituo cha afya. Mwenye duka la dawa, mama mstaarabu, alinikodishia nafasi na umeme kwa masharti mepesi. Nilichagua mahali hapo kwa hesabu. Katika mji wetu hakuna aendaye kumwona mgonjwa mikono mitupu, na kitu cha kwanza kinachonunuliwa ni soda.

Nilikuwa nimeamini kwamba mashine inauza yenyewe. Ndivyo inavyofanya kwingine. Siku ya kwanza nilijificha ndani ya duka la dawa nikachungulia. Akaja mzee mmoja, akavisoma vibandiko vyangu polepole, akavua kofia.

"Hodi," aliiambia mashine. Akangoja. "Hodi humo ndani."

Mashine ilinguruma, maana kompresa ilikuwa imeanza. Mzee akarudi nyuma hatua moja, akaniona dirishani.

"Mama, mwenye duka hili yuko wapi? Nimebisha hodi, ananikoromea tu."

Nilitoka, nikampa shikamoo, nikamwonyesha pa kutia sarafu. Hakutaka kutia. Alitaka kuniwekea pesa mkononi, na mimi ndiye nitie. Na haikuwa yeye peke yake. Watu wetu hawakununua kitu kwa mtu ambaye hawajasalimiana naye. Waliona kwamba kununua hivyo ni kama kuiba na kuacha malipo. Wiki ile ile nilipeleka kiti, nikaketi kando ya mashine. Nikasalimia, nikaulizia mgonjwa, nikabadilisha noti kuwa sarafu, kisha mteja akatia mwenyewe na kuchekelea chupa ilipodondoka.

Likaja jambo la pili. Mashine inatoa soda baridi tu, na wagonjwa wengi wa kwetu, hasa wazee na waliotoka kujifungua, hawanywi baridi. Wanataka soda ya moto, maana yake isiyopozwa. Ilinibidi niweke kreti la soda za moto chini ya kiti changu.

Mtani alipopita na beseni lake la maandazi aliyaona yote hayo kwa mtazamo mmoja. Alitua beseni.

"Hebu nielewe," alisema. "Umemtoa jogoo wangu kukomboa mtumishi. Sasa mtumishi amesimama kivulini, na wewe ndiye unayeketi juani ukimtumikia. Soda ziko ndani yake na ziko chini ya makalio yako. Nani kamwajiri mwenzake?"

"Kunywa soda, mtani, unyamaze."

"Nitakunywa. Ya moto. Ya huyo mrefu inaniumiza jino."

Hata hivyo biashara ilikwenda, na ninasema kwa shukrani kwamba ilikwenda kwa sababu ya kiti kile. Usiku na Ijumaa mchana, nilipokuwa sipo, watu walijizoesha kutia wenyewe, kwa kuwa walishaijua kuwa ni mashine ya mama fulani na si ya shetani. Wauguzi wa zamu waliipenda. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa naishi kwa mashine ile: chakula, umeme wa nyumba, mabati mapya ya jikoni. Sikuomba chumvi kwa mtu.

Ijumaa ya tarehe 6 Oktoba 2023 shemeji yangu alikuja nyumbani akiwa amevaa kanzu yake nzuri. Alinisalimia kwa heshima, kama siku zote. Si mtu mbaya. Wala sitaki mtu asome kurasa hizi amdhanie hivyo. Alikunywa uji, akaweka kikombe chini.

"Shemeji, nimekuja na neno la ukoo. Unajua kwetu, vifaa vya kazi vya mwanaume hurudi kwa wapwa zake. Sanduku la spana ulilitoa mwenyewe, tukakushukuru."

"Nililitoa."

"Na mashine nayo ni kifaa cha kazi. Kaka aliitengeneza kwa mikono yake. Mpwa wetu ana familia sasa, hana kazi. Nyumba ni yako, imeandikwa majina yenu wote wawili, hatuigusi. Lakini mashine ukoo unaiomba."

Nilimwambia kwamba marehemu alinipa.

"Mbele ya nani, shemeji?"

Nilimwona mume wangu amesimama sebuleni, kichwa upande, gundi kwenye vidole. Hakukuwa na mwingine. Ningeweza kulia, na pengine shemeji angelegea. Lakini sikusoma hadi nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na mitano ili nije nihifadhi haki yangu kwa machozi. Nilimwambia apeleke neno lake kwenye ofisi ya kata, nami nitakwenda.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Niliendelea kuketi kwenye kiti changu kando ya mashine, nikisalimia wageni wa wagonjwa, na kila aliyetia sarafu nilimtazama nikidhani ndiye wa mwisho. Nilikuwa na miaka hamsini na minne. Sikuwa na shamba wala mtoto. Mashine hiyo ikiondoka, ningerudi kufua nguo za watu. Sikumlalamikia mtu. Nilimweleza mtani tu, kwa kuwa alipita kila siku na aliuona uso wangu.

Alinisikiliza, beseni kichwani.

"Shemeji yako anataka mashine niliyoifunga mimi kamba?"

"Ndiyo."

"Na jogoo nimemla mimi?"

"Ndiyo, mtani."

"Usiseme neno huko ofisini. Niite tu."

Kwa kweli sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimeuchukua ule ukombozi kuwa mchezo wa msiba, na elimu yangu ya ukubwani ilikuwa imenizoesha kutafuta haki katika vitu vilivyoandikwa.

Tulikutana Jumanne ya tarehe 20 Februari 2024, saa nne asubuhi, katika ofisi ya mtendaji wa kata. Mtendaji alikuwa kijana mwenye suti, mwenye adabu, na kando yake walikaa wazee wawili, mmoja wa upande wa shemeji na mmoja wa upande wangu. Shemeji alieleza dai lake vizuri, bila kuongeza chumvi. Nami nilieleza langu, na nilipofika mahali pa kusema kwamba tulikuwa wawili tu, nilisema kwamba tulikuwa wawili tu. Mtendaji aliguna. Nikaomba mtani aitwe.

Aliingia na ile kamba ya makumbi begani. Alimsalimia kila mtu, akawaambia wazee kwamba wamezeeka vibaya, kisha akasimama mbele ya shemeji.

"Bwana mdogo, siku ya arobaini ulikuwapo?"

"Nilikuwapo, mtani."

"Nilikuita, sikukuita?"

"Uliniita."

"Mara ngapi?"

Shemeji aliitazama kamba. "Tatu."

"Ukasema nini? Waambie wazee, mimi nikisema watadhani nakuigiza."

Mzee wa upande wake mwenyewe, ambaye alikuwa mgeni wa arobaini ile, ndiye aliyejibu kwa niaba yake, akitazama sakafu. "Alisema chuma kibovu. Alisema shemeji akomboe mwenyewe. Nilikuwa nakula, lakini nilisikia."

Mtendaji aliuliza kama utani wa msibani unaweza kuwa ushahidi. Yule mzee alimgeukia kwa upole. Alimweleza kwamba mtani akishakamata mali ya marehemu, mali hiyo imetoka kwenye ukoo. Ndugu wakiitwa wakakataa, aliyeikomboa ameitoa mikononi mwa watani na si mikononi mwa ukoo. Kuirudia ni kuwaambia watani kwamba kazi yao msibani ilikuwa uongo, na msiba mwingine ukija hawatakuja.

"Lakini mimi sina neno," mtani aliongeza. "Akiitaka sana aichukue. Anirudishie jogoo wangu tu, nimrudishie mama huyu. Awe yuleyule. Mwekundu, na awe anawika."

Mtendaji aligeuka dirishani kuficha kicheko. Shemeji hakukificha. Alicheka kama alivyocheka siku ile ya ovaroli, akajifuta macho kwa mkono wa kanzu, kisha akanigeukia na sauti yake ikawa nyingine.

"Shemeji, nilisema neno lile mbele ya watu, na neno langu ni langu. Mashine ni yako. Sikujua siku ile kwamba nilikuwa natoa."

Nilimwambia kwamba mpwa wao akitaka kujifunza kuitengeneza, mlango wangu uko wazi, kwa maana kompresa imeanza kuchoka na mimi sijui kuisikiliza. Alishika kifua kwa shukrani. Mzee wa upande wangu alisoma dua fupi.

Karatasi ya makubaliano iliandikwa hapohapo. Shemeji alitia sahihi. Mtani, ambaye hakupata kusoma, alitia dole gumba kama shahidi, akaupangusa wino kwenye kamba yake. Kisha mtendaji akanigeuzia karatasi, akanielekeza mahali pa sahihi kwa kidole, taratibu, kama mtu anayedhani itabidi aniletee wino wa dole.

Nilichukua kalamu. Kwenye pembe ya juu, kabla ya kitu kingine chochote, niliandika tarehe.